Utando Kwenye Rejeta

Gari langu ni kipanya cha zamani cha dizeli, injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuongeza maji unainua kiti cha abiria, na hapo chini unakuta mfuniko wa rejeta. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso. Kopo la maji mkononi, kiti juu, mfuniko unafunguliwa, gari linanyweshwa. Lilikuwa linapunguza maji kidogo kila siku, kama gari lolote lililozeeka, wala sikuwahi kulilaumu kwa hilo. Mama yangu, ninayeishi naye hapa Pasiansi, alikuwa anakaa barazani na mkongojo wake akinitazama, na karibu kila siku aliniambia kwamba gari hili nalibembeleza kuliko nilivyowahi kumbembeleza mume wangu. Mume mwenyewe ni marehemu, na gari ndilo aliloniachia. Basi nilikuwa namjibu, "Mama na wewe, asubuhi yote hii umeshaanza?" Anacheka, naondoka kwenda kazini.

Kazi yangu ni kubeba dagaa. Nawatoa kwenye mialo ya wavuvi, Igombe na Kayenze, nawaleta Kirumba sokoni. Viti vya nyuma nilishaving'oa siku nyingi, na harufu ya mle ndani ukiingia kwa mara ya kwanza utatamani kutoka kupitia dirishani.

Ila ile Jumamosi harufu ilikuwa imekubali kupungua, maana Ijumaa jioni nilikuwa nimelipeleka ziwani nikalisugua kwa sabuni na ndimu mpaka mikono ikachubuka. Nyuma nilikuwa nimetandika godoro. Tulikuwa tunakwenda Sengerema, mimi na mama, kumwona mama mdogo.

Niseme kidogo kuhusu mama mdogo, maana yote haya ni kwa ajili yake. Kwao yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Bibi yangu alifariki huyu mtoto hajaanza hata kutembea, na mama, ambaye naye alikuwa binti tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha maziwa, akalala naye kitanda kimoja, na wachumba wakaja wakaondoka kwa sababu hakutaka kumwacha. Mama alikuwa anasema bila aibu, mbele yetu sisi aliotuzaa kwa uchungu, kwamba mtoto wake wa kwanza ni yule. Nilipokuwa mdogo ilinikera sana. Nilikuja kuizoea, kama unavyozoea kuwa na kaka mkubwa anayependwa kuliko wewe.

Sasa mama mdogo ini lilikuwa limekwisha. Hospitali walishawaambia watoto wake wamrudishe nyumbani wakamtunze, na Mtanzania yeyote anajua ukishaambiwa hivyo umeambiwa nini. Alikuwa bado anaongea. Kila jioni mwanawe wa kiume alimpigia mama simu, akaiweka kwenye sikio la mgonjwa, na wao wawili wakaongea Kisukuma chao cha utotoni ambacho mimi nakisikia nusunusu. Kilichoeleweka kilikuwa kimoja tu, maana kila siku kilirudi kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi wengine tusikie. "Dada, unakuja lini?" Na mama anajibu, "Jumamosi. Jumamosi nalala kwako."

Kupanda basi la abiria hatukuweza. Mama nyonga yake ilivunjika alipoteleza bafuni, ikaunga vibaya, na akikaa kwenye kiti cha gari hata robo saa anaanza kutoa machozi kimyakimya. Anahitaji kulala chali, miguu imenyooshwa. Ndiyo maana ya godoro, na ndiyo maana safari yote ilitegemea hiki kipanya changu kinachonuka dagaa.

Kwa hiyo ile asubuhi nimeinua kiti, nimefungua mfuniko wa rejeta, na kopo langu la maji liko tayari. Ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na uji. Uji wa rangi ya chai ya maziwa, mzito, una utando juu unateleza na kung'aa, na chini ya mfuniko umeganda ute kama siagi iliyokaa juani. Nikachovya kidole, nikakisugua na kidole gumba. Mafuta.

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya gari. Ndani ya injini oili ina njia zake na maji yana njia zake, zimepita karibukaribu lakini hazitakiwi kukutana kamwe. Zikikutana, kuna kitu kimepasuka katikati. Inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi imekatika, inaweza kuwa hedi yenyewe, kile kifuniko cha juu cha injini, ina ufa, inaweza kuwa kitu kingine, lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ungependa kulisikia siku ya safari. Ukiendelea kuendesha, maji yataingia kwenye oili, oili itakosa utelezi, na injini itajitafuna yenyewe. Mume wangu aliwahi kuua injini namna hiyo. Nilikuwepo, tukalala barabarani na mzigo ukaoza.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikitegemea kitoke cheupe kama kimechovywa kwenye maziwa. Kilitoka cheusi. Oili nyeusi, nzuri, ya kawaida kabisa. Nikakifuta, nikakirudisha, nikachomoa tena. Nyeusi vilevile.

Nilimwendea mama barazani. Alikuwa ameshavaa, kitenge kipya, kilemba, na kikapu chake pembeni chenye mchele na sukari. Nikamwambia gari lina tatizo, oili inaingia kwenye maji, hatuwezi kuondoka mpaka fundi alione.

Hakushtuka hata kidogo. Hilo lilinishangaza. "Liwashe tuondoke," akasema. "Litafika."

"Litafika wapi, mama? Limeharibika."

"Mwanangu, mimi nakwambia litafika."

Mdomo wangu mimi hauna subira, kila mtu pale mtaani anajua. Nikamuuliza ameanza lini ufundi. Akanitazama, akavuta kilemba chake kikae vizuri. Nikaliwasha gari, nikaliendesha polepole mpaka Mabatini, kwa fundi, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Haukupanda hata kidogo.

Fundi wangu ni mtu mzima, amelitibu gari hili tangu enzi za marehemu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza si tulikuwa safarini leo. Nikainua kiti, nikamwonyesha. Akatazama, akavua kofia, jambo ambalo kwa fundi si dalili nzuri.

Halafu akaanza kulipima, na lazima niseme ukweli, alilipima vizuri. Aliniambia niliwashe mfuniko ukiwa wazi, akainama kutazama kama maji yanatoa mapovu. Gasketi ikikatika, moshi wa ndani unajipenyeza kwenye maji na rejeta inachemka kama sufuria ya maharage hata injini ikiwa bado ya baridi. Haikutoa povu. Akashika mipira ya maji, akaibinya. Ilikuwa laini, haikuwa imevimba kwa msukumo. Akaenda nyuma kutazama bomba la moshi, akaweka hata kiganja. Hamkuwa na moshi mweupe, wala kiganja hakikulowa. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akadondosha tone moja kwenye bomba la moto aone kama litachachatika. Lilitoa moshi tu, likakauka.

"Dada yangu," akasema, "gari hili linanichanganya. Lina ugonjwa, lakini haliumwi."

Akanieleza anavyofikiri. Injini hii ina kifaa kidogo cha kupoza oili, maji yanapita upande huu na oili upande ule, katikati kuna bati jembamba. Bati likitoboka, oili ndiyo itakayohamia kwenye maji kwa sababu ina msukumo mkubwa zaidi injini ikiwaka. Hapo rejeta itajaa mafuta, na kijiti kitabaki kisafi kwa muda. Inaendana kabisa na tulichokiona. Nikashukuru Mungu, maana hicho ni kifaa cha kufungua na kufunga. Nikampigia mama nikamwambia tutaondoka Jumapili baada ya ibada.

Fundi akamwaga maji yote ya rejeta kwenye dumu lililokatwa, akalisukuma chini ya meza yake. Akakifungua kile kifaa, akaziba tundu moja, akakizamisha kwenye beseni la maji na kupuliza upepo kwenye tundu lingine. Tukainama wote wawili juu ya beseni tukisubiri mapovu. Sijawahi kutamani kuona ubovu wa kitu kama nilivyotamani siku ile. Maji yalitulia tuli.

"Basi ni hedi," akasema fundi, na nikaona hata yeye haipendi kauli yake. "Itakuwa na ufa mdogo, unafunguka injini ikipata moto. Siwezi kukuruhusu uvuke daraja la Kigongo na mama mgonjwa kwa gari hili. Likikuzimikia mbele ya safari utambeba mgongoni?"

Angekuwa fundi mwingine ningebishana. Huyu hakuwahi kunidanganya. Nikamwambia afungue.

Jioni ile jirani yetu, mwanaume mstaarabu mwenye gari refu la familia, alipita kutujulia hali, na alipojua kilichotukwamisha akasema atatupeleka yeye mwenyewe kesho. Viti vinalala, mama atajinyoosha bila shida. Mimi nilitaka kumkumbatia. Mama akasema ahsante sana baba, Mungu akubariki, lakini nitasubiri gari letu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Jirani alipoondoka nikamuuliza mama ana akili timamu. Mgonjwa anakuita, gari la kukupeleka limekuja mpaka mlangoni, bure, na wewe unaringa?

"Siringi. Sitapanda gari la mtu nisilojua limeandaliwaje."

"Limeandaliwaje? Mama, ni gari, si jeneza."

Akasema kwa upole kwamba barabara ni ya hatari, kwamba aliota ajali, na kwamba gari letu ndilo litakalomfikisha. Nikabembeleza, nikafoka, nikampigia kaka yangu aliyeko Shinyanga naye akafoka. Hakusogea. Mama akishasema hapana hata umlilie ni hapana. Nikajiambia ni uzee, nikajiambia ni ile hofu ya kwenda kumtazama mdogo wake akifa. Kila siku nilimrudia na habari ya jirani, na kila siku jibu lilikuwa ni lilelile.

Hedi ikapelekwa mjini, Nyamagana, kwa watu wenye mashine ya kupima nyufa. Kulikuwa na foleni. Halafu umeme ukakatika. Halafu mwenye mashine akaenda kwenye harusi. Usiniulize nilimwambia nini aliporudi.

Na simu za jioni ziliendelea. Sauti ya mama mdogo ilizidi kupungua, mwishowe ikawa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Mwanawe alikuwa anatutafsiria. "Anauliza mmefika wapi." Mama anajibu, "Mwambie gari liko kwa fundi. Mwambie nimeshafunga kikapu." Jioni nyingine hakuuliza chochote, tulisikia tu pumzi yake. Mama akaanza kumwimbia, taratibu, kitu cha kumbembelezea mtoto, na mimi nikatoka nje nikasimama pale gari linapolala. Palikuwa patupu, pana doa la oili tu. Nililia palepale.

Kile kikapu nilitaka kukifungua, mchele urudi jikoni. Akanikataza.

Siku hedi iliporudi niliwahi Mabatini mapema. Fundi alikuwa ameiweka juu ya meza, amekunja mikono kifuani. "Nzima," akasema. "Wameipima kwa joto na kwa upepo. Hakuna ufa. Gasketi yako ya zamani nayo nimeitazama milimita kwa milimita, haikuwa imekatika."

"Sasa oili ilipita wapi?"

Aliinama, akavuta lile dumu lililokatwa kutoka chini ya meza. Maji ya rejeta yalikuwa yametulia humo siku zote hizo, na ule uji haukuwepo tena. Ulikuwa umejitenga. Chini maji ya kutu, juu mafuta. Fundi akachota yale mafuta kwa kifuniko cha chupa ya soda, akayanyanyua kwenye mwanga.

Yalikuwa ya njano. Njano mpauko, maangavu, unaona hadi chini ya kifuniko.

"Oili ya dizeli ukiiweka asubuhi, jioni ni nyeusi kama lami," akasema. "Hii haijawahi kupita kwenye injini yako. Hii imetiwa kutoka juu, kupitia mfuniko. Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa na harufu ya mboga, ya jikoni kwa watu wenye uwezo.

"Kuna mtu anakuchezea," akasema fundi. "Gari lako ni zima. Lilikuwa zima tangu siku ile. Ungekwenda nalo Sengerema ukarudi, ungesuuza rejeta, basi."

Nilianza kuwapitisha kichwani watu wote wa mwaloni wanaonichukia, na si wachache. Nilikuwa nimeshafika kwa yule mwanamke ninayegombea naye wateja Kayenze, na matusi yake nimeshayapanga, simu ikaita. Mtoto wa mama mdogo. Hakuwahi kupiga asubuhi. Nilijua kabla sijaipokea.

"Dada," akasema, "mama ametutoka."

Nilimwambia fundi alifunge gari, nikaondoka na bodaboda. Kumwambia mama ilikuwa kama kumwambia mzazi kwamba mwanawe amekufa, na sioni sababu ya kuieleza sana. Hakupiga ukunga. Alichukua kile kikapu, akakiweka mapajani, akakikumbatia. Jirani alipokuja na gari lake, mama alipanda bila kuuliza limeandaliwaje. Ningefurahi hata angebisha.

Tulipita Usagara, tukafika Kigongo, tukavuka daraja. Mama hakuwa amevuka tangu lijengwe. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka jua linatugeuza rangi, na kila mara alisema siku wakijenga daraja atakuwa anakwenda kunywa chai kwa mdogo wake na kurudi. Alikuwa amelala chali kwenye viti vilivyolazwa, anatazama paa la gari. Nikamwambia, "Mama, tuko darajani." Akafumba macho. Hakulitazama ziwa wala daraja mpaka tukafika Busisi.

Tulizika siku iliyofuata. Baada ya mazishi wanawake walirudi ndani, tukakaa kwenye mikeka, mama katulia kwenye godoro amegeukia ukuta. Mle ndani alikuwepo wifi wa marehemu, mwanamke mwenye ulimi, na katika misiba yetu lazima awepo mmoja wa namna hiyo. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Na dada mtu naye alichelewa wapi? Marehemu alimwita mpaka sauti ikakauka. Mwanza na hapa, na daraja lipo?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo wangu kumjibu inavyostahili. Mama akageuka taratibu, akanishika goti ninyamaze, akajiinua kwenye kiwiko.

"Niacheni niseme ushuhuda," akasema. "Mimi niliota tumepata ajali tukija huku. Nikawaita wanamaombi wenzangu nyumbani, mwanangu akiwa ameenda mjini kutafuta godoro. Tukaliombea gari. Wao walitaka kupaka mafuta ya upako kwenye matairi na usukani. Nikawaambia hapana, vumbi litayafuta yote kabla hatujafika popote. Nikawaambia niinulieni kiti, nionyesheni pale mwanangu anapolinyweshea kila asubuhi. Wakaninyanyua, nikamimina kwa mkono wangu huu, chupa nzima, ndani kabisa mwilini mwake. Na asubuhi yake tu, ubovu ukajitokeza wazi. Gari lilikuwa limepasuka ndani, lingetuua. Ni mafuta yale yaliyofichua. Ndiyo maana nilichelewa. Mungu alinizuia."

"Amina," wakasema wanawake. Wifi mtu akainamisha kichwa. Mmoja akaanzisha pambio.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na kifuniko cha soda machoni pangu. Njano mpauko. Mafuta ya zeituni, yaliyoombewa. Mambo yote yalinijia kwa mkupuo: "litafika" yake ya ile asubuhi, na jinsi alivyolikataa gari la jirani, gari ambalo halikumiminiwa kitu. Alikuwa sahihi. Lingefika. Tungefika Jumamosi ileile mchana, mama mdogo angali anaongea, wangelala kitanda kimoja kama zamani. Kilichotuzuia kilikuwa chupa moja ya mapenzi ya mama yangu, na mimi na fundi wangu tukaifanyia uchunguzi mpaka mtu akafa.

Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani kumshika mabega nimwambie mama, gari lilikuwa zima, ni wewe. Na Mungu anisamehe, palikuwa na kitu kingine kooni kilichotaka kutoka kama kicheko. Lakini yule wifi alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu, na zaidi ya wifi, kulikuwa na uso wa mama. Ulikuwa umepata mahali pa kushika. Nikaimba pambio pamoja na wengine.

Asubuhi, waombolezaji wakiwa wanaaga, nilimpelekea mama maji ya uvuguvugu anawe. Nilikuwa nimemtoa nje, amelala kwenye mkeka kando ya nyumba, jua likimpiga miguuni. Akanawa, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Fundi alikwambia nini hasa? Nilisahau kukuuliza. Lilikuwa bovu kweli?"

Nilijua ananiuliza nini. Alikuwa ameshasema mbele ya watu wote, na sasa anataka kusikia kwa mtu anayejua magari. Ningesita kidogo tu angeelewa, maana mama ananisoma toka nazaliwa.

"Bovu kabisa, mama," nikasema. "Hedi ilikuwa imepasuka. Tungeondoka nalo ile Jumamosi tusingefika."

"Tungekufa?"

"Pengine, mama. Fundi anasema lingezima ghafla, hata darajani."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni, nikingoja uso ule upumzike. Nilidhani nampa dawa. Akatikisa kichwa taratibu, akabaki anatazama upande wa migomba, kule lilikokuwa kaburi jipya.

"Afadhali ungeniacha niende nalo," akasema. "Tungekufa njiani wangekuja kumwambia. Angejua dada yake alikuwa njiani anakuja."

Akajifunika uso kwa kitenge. Ndipo akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimpe ile habari, na watu waliokuwa wanaaga wakasimama. Nilikaa pale kwenye mkeka na beseni la maji mkononi. Nilikuwa nimeshasema nilichosema, na hapakuwa na namna ya kukirudisha.